Mizani Kwanza, Mtambo Baadaye: Funzo la Pamba ya Usukuma

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliwasilisha darasani mada juu ya uongozi wa makampuni. Nguzo ya mada yake ilikuwa rai ya Steve Jobs, ambaye mwaka 1997, muda mfupi baada ya kurejea katika kampuni ya Apple aliyoshiriki kuianzisha, aliwaeleza watengenezaji wa programu kwamba kazi huanza na yale anayoyapitia mteja, kisha ndipo mtu arudi nyuma kutafuta teknolojia inayofaa. Asianze na teknolojia halafu akahangaika kutafuta pa kuiuza. Kijana aliyaeleza hayo kwa furaha ya mtu aliyeokota lulu, na wenzake wakampigia makofi.

Nilimpa alama nzuri, kwani hoja yake ilikuwa sahihi. Hata hivyo nilimwuliza swali moja: je, amewahi kusikia habari za wapima mizani wa Kanda ya Ziwa? Akasema la. Swali hilo halikuwa la kumtega. Yeye na mimi tunatoka wilaya moja ya Bariadi. Karo yake ya sekondari, kama yangu, ilitoka katika pamba. Kanuni aliyoisifu kwa jina la Mmarekani ilikwisha kufahamika kwa wakulima wa Usukuma takribani nusu karne kabla ya kutamkwa kule Marekani. Waliifahamu kwa sababu waliumia. Juu ya kanuni hiyo waliijenga asasi iliyohesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika, na warithi wao walipoisahau, asasi ile ikaporomoka. Makala haya ni jibu langu refu kwa kijana yule, na kwa yeyote anayeongoza kampuni, chama au idara ya serikali na kudhani kwamba tatizo lake la kwanza ni ukosefu wa mashine.

Mkulima mbele ya mizani

Tuanze pale alipoanzia mkulima mwenyewe: kituo cha kununulia pamba, miaka ya 1940. Mkulima wa Maswa, wilaya ambayo enzi hizo ilikuwa na eneo la Bariadi ndani yake, alikuwa amelima, amepanda, amepalilia mara mbili au tatu, amevuna kwa vidole vyake na vya wanawe, kisha amechagua pamba safi na kuitenga na fifi. Kazi ya miezi mingi ilifungwa katika magunia, ikabebwa kichwani au kukokotwa na ng'ombe, ikafikishwa kituoni. Pale palikuwa na mizani ya mnunuzi. Mizani hiyo ilisomwa na mtu wa mnunuzi, uzito ukaandikwa katika daftari la mnunuzi, na hesabu ikapigwa na karani wa mnunuzi. Mkulima aliambiwa idadi ya ratili zake, akahesabiwa fedha, akaondoka.

Msomaji azingatie jambo moja ambalo watu wengi hulipita. Bei ya pamba ilikuwa ikipangwa na serikali ya kikoloni kwa kila msimu. Mnunuzi hakuweza kirahisi kujiongezea faida kwa kushusha bei iliyotangazwa hadharani. Alichoweza ni kucheza na uzito. Kwa hiyo ugomvi wote wa biashara ile, ambao kwingineko hufanyika katika mazungumzo ya bei, ulihamia kwenye mkono wa mizani. Ratili chache kwa kila gunia, mara magunia elfu, ni utajiri. Na aliyekuwa akiibiwa aliona kwa macho yake mkono wa mizani ukicheza, lakini hakuwa na elimu ya kusoma tarakimu wala mamlaka ya kusema, "Pima tena."

Wakati huo wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambua pamba walikuwa kwa sehemu kubwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, waliolindwa na utaratibu wa leseni wa kikoloni. Wako wanaoisimulia historia hii kana kwamba kiini chake kilikuwa rangi ya mnunuzi. Nitaonyesha baadaye kwamba miaka mingi mbele mizani ilikuja kushikwa na mikono ya watoto wetu wenyewe, na malalamiko hayakubadilika. Kiini kilikuwa ni nani anayeisoma mizani na nani anayeweza kumhoji.

Kijana anayejua kusoma

Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kufanya jambo dogo sana. Walichangishana fedha wakawaajiri vijana waliojua kusoma na kuhesabu, wakawasimamisha kando ya mizani ya mnunuzi. Kazi ya kijana ilikuwa moja: kuutazama uzito, kuusoma kwa sauti, kuuandika katika daftari la wakulima, na kulinganisha na kile kilichoandikwa na karani. Huo ndio ulikuwa mwanzo. Hawakuwa na kiwanda wala lori wala akaunti benki. Walikuwa na kijana, kalamu na daftari.

Katika mazingira hayo ndipo alipojitokeza Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, mwaka 1925, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Bomani hakuwavumbulia wakulima kero yao, aliikuta. Alichokifanya ni kuzunguka vijijini, kusikiliza, na kuona kwamba mpima mizani aliyeajiriwa na wakulima wa kituo kimoja angeweza kuwa tofali la kwanza la jengo kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jumuiya ya wakulima wa pamba ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikisambaa, na vyama vya msingi vikaanza kuandikishwa vijiji kwa vijiji. Bomani alikwenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough mwaka 1953 hadi 1954, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria.

Ilisaidia pia kwamba Wasukuma hawakuhitaji kufundishwa maana ya kufanya kazi kwa pamoja. Vijana wa kijiji walikuwa na jumuiya zao za kulima zamu kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na mtu aliyekwepa zamu alijua adhabu yake. Chama cha msingi kiliingia katika udongo uliokwisha kulimwa.

Sasa tuutazame mpangilio wa mambo, maana ndimo lilimo funzo. Kwanza alikuja mpima mizani. Kisha ikaja mizani ya chama chenyewe, ambapo mkulima alipimiwa na mtu aliyemchagua na ambaye angeweza kumwondoa. Kisha ikaja haki ya chama kununua pamba. Kiwanda cha kwanza cha kuchambua pamba cha Shirikisho kilikuja mwaka 1956, huko Geita, wakati wakulima tayari walikuwa na sababu ya kuiamini mizani. Kufikia mwisho wa muongo ule Shirikisho lilikuwa likinunua karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa, likiwa na mamia ya vyama vya msingi na viwanda kadhaa. Wakulima hawakukifuata kiwanda. Kiwanda ndicho kilichowafuata wakulima, kikawakuta wamekwisha kukusanyika.

Mradi uliofuata njia ya kinyume

Ili tusidhani kwamba mafanikio yale yalitokana na wakati tu, tulinganishe na mradi mwingine uliokuwa katika ardhi ileile na miaka ileile. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mradi wa Maendeleo ya Usukuma. Ulikuwa na wataalamu, fedha, na elimu ya kweli. Mambo mengi waliyoyasema kuhusu udongo yalikuwa sahihi: kwamba mmomonyoko ulikuwa ukiongezeka, kwamba matuta yaliyofungwa yangezuia maji, kwamba mifugo ilizidi malisho.

Lakini mradi ule ulianza na utaalamu na kumalizia na mkulima. Mkulima aliletewa sheria ndogo: lima matuta ya namna hii, punguza ng'ombe kwa kiasi hiki, usipofanya utatozwa faini. Hakuna aliyemwuliza ng'ombe kwake ni nini. Kwa mtaalamu ng'ombe alikuwa mdomo unaokula majani. Kwa Msukuma alikuwa benki, mahari, bima ya mwaka wa njaa na heshima ya ukoo. Matokeo yake yalikuwa chuki iliyochangia kuikuza siasa ya ukombozi katika kanda nzima, hata serikali ikakizuia chama cha TANU kufanya kazi Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Mradi wenyewe ulikuwa umekwisha nguvu kufikia katikati ya muongo.

Tazama basi. Mamlaka iliyokuwa na wanasayansi, polisi na hazina haikuweza kumshawishi mkulima alime tuta kwa hiari. Chama kilichoanza na kijana mwenye daftari kiliweza kumfanya mkulima yuleyule akabidhi mazao yake yote ya mwaka. Tofauti ilikuwa katika mahali ambapo kila upande ulianzia kufikiri.

Pale warithi walipogeuka

Ndugu zangu wanaharakati hupenda kuimaliza hadithi hapo, mkulima akiwa ameshinda. Mwalimu wa historia hana ruhusa hiyo.

Baada ya uhuru, Shirikisho lilikuwa kubwa, lenye fedha na lenye kuheshimiwa. Bomani mwenyewe aliitwa serikalini na kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Ndipo mawazo ya viongozi yakahama kutoka kituoni kwenda kwenye mitambo. Mfano mmoja unatosha. Kuanzia mwaka 1964 yalianzishwa mashamba makubwa ya pamoja yaliyolimwa kwa matrekta, Shirikisho likiwa mstari wa mbele. Picha ilikuwa nzuri: ekari nyingi zikipinduliwa kwa siku moja, jembe la mkono likiagwa.

Lakini kulima hakukuwa ndiko kulikomkaba mkulima wa pamba. Alikabwa na palizi, na baadaye uvunaji, kazi mbili ambazo trekta lile halikuzigusa. Trekta lilimpa shamba kubwa zaidi la kupalilia kwa mikono ileile miwili, kisha likampa deni la kulimiwa. Laiti kiongozi mmoja angekaa na familia moja kwa msimu mmoja, kuanzia kupanda hadi kuuza, angeliona jambo hilo kabla ya kuagiza mashine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Gharama zikazidi mapato, mikopo haikurudi, na kabla ya muongo kwisha mashamba mengi ya namna ile yalikuwa yameachwa.

Wakati huohuo, kule kituoni, kero ya zamani ilikuwa ikirudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini. Iliyoyakuta ni yale ambayo kila mzee wa kijijini angeweza kuyaeleza: wanachama wasiojua chama chao kinaendeshwaje, watumishi wengi kuliko kazi, uaminifu mdogo, na gharama ambazo mwisho wake zilikatwa kwenye bei ya mkulima. Mwaka 1967 serikali ikautwaa uongozi wa Shirikisho, na baadaye likageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima.

Sisemi kwamba trekta ndilo lililouua ushirika. Siasa za dola, tamaa ya watu binafsi na ukuaji wa haraka vilikuwa na sehemu kubwa. Ninachosema ni kwamba chama ambacho mwanachama wake bado angesimama kando ya mizani na kusema "pima tena" kingekuwa na watetezi siku ile kilipofutwa. Katika vijiji vyetu kilifutwa, na wengi wakaendelea na palizi.

Nilichokiona nikiwa mtoto

Vyama vikuu vilirejeshwa baada ya sheria mpya ya mwaka 1982, na kufikia mwaka 1984 vilikuwa vimeanza kazi tena. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1980, na nilikwenda mara kadhaa na bibi yangu mzaa baba kwenye kituo kimoja cha kununulia pamba upande wetu wa Bariadi. Pamba ilikuwa nyingi miaka hiyo; malori hayakutosha, vipuri vilikosekana, na viwanda vilizeeka. Ghala la kituo lilijaa hadi pamba ikalala nje chini ya turubai.

Nakumbuka siku moja bibi alikwenda kuuliza fedha za pamba aliyoipeleka miezi mitatu nyuma. Karani, kijana wa kijiji cha jirani, alimjibu kwa adabu: "Bibi, gari la fedha halijaja." Bibi akamtazama kitambo, akasema: "Mjukuu wangu, pamba yangu haikusubiri gari kuja hapa. Ilikuja kichwani kwangu." Kisha akaketi chini ya mwembe na sisi tukaketi naye hadi alasiri, si kwa sababu alitarajia kulipwa, bali kwa sababu alitaka aonekane amekaa.

Karani yule hakuwa mwizi. Alikuwa ameachwa peke yake mbele ya mteja na asasi isiyomjua mteja huyo. Katika ripoti zilizokwenda juu bila shaka yaliandikwa marobota, tani na mahitaji ya mitambo mipya. Sidhani kama palikuwa na safu ya kuandika siku ambazo mwanamke mmoja amekaa chini ya mwembe. Na hapa ndipo ilipo tofauti ya ushirika na kampuni ya kawaida: mwanachama ni mteja na ni mwenye mali kwa pamoja. Akidharauliwa dirishani, ameumizwa mara mbili.

Soko huria na mizani ya kidijitali

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa makampuni binafsi. Kwa miaka ya mwanzo mkulima alilipwa fedha taslimu papo hapo, na hilo, baada ya miaka ya kusubiri, lilikuwa neema isiyopaswa kubezwa. Viwanda vipya vya kuchambua pamba vikajengwa hadi uwezo wake ukapita kabisa mavuno yaliyokuwapo. Kwa mara nyingine nchi ikawa na mitambo ya ziada na mkulima mwenye kinyongo. Mawakala wa kununua, sasa wengi wao wakiwa Waafrika wenzetu, wakalalamikiwa kwa jambo lilelile lililolalamikiwa mwaka 1950: mizani iliyochezewa. Mkulima naye akajibu kwa silaha aliyokuwa nayo. Akatia maji na mchanga katika pamba. Ubora wa pamba ya Tanzania ukaingia doa. Watafiti wa Ukiriguru waliendelea kutoa mbegu bora, lakini hakuna mbegu inayoweza kutibu mizani isiyoaminika. Anayeamini kwamba atapunjwa atapunja kwanza.

Mwaka 2018 serikali iliagiza pamba iuzwe kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Msimu wa mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wa Simiyu na mikoa jirani wakangoja malipo kwa miezi. Bibi yangu alikuwa amekwisha kufariki, lakini ule mwembe ulipata watu wengine.

Miaka ya karibuni mizani ya kidijitali imeingia katika vyama vyetu, na malipo mengi hupitia benki au simu. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 na makao yake yakiwa Bariadi, ndio kinara wa pamba nchini, hivyo mabadiliko haya yanatuhusu kuliko wengine. Nayaunga mkono. Mizani inayoonyesha tarakimu kubwa zinazosomeka ni bora kuliko ile ya kuning'iniza ambayo karani aliishika kwa goti. Lakini nauliza maswali ambayo kijana mwenye daftari angeyauliza. Kioo cha mizani kinamtazama nani, karani au mkulima? Betri ikiisha saa tano asubuhi na foleni ni ndefu, kinachofuata ni nini? Je, pana jiwe la uzito unaojulikana, lililothibitishwa na Wakala wa Vipimo, ambalo mkulima yeyote anaweza kuomba liwekwe juu ya mizani mbele ya watu wote? Na pale malipo yanapokwenda kwenye simu, simu hiyo ni ya nani, ikiwa mke ndiye aliyepalilia na kuvuna lakini laini iliyoandikishwa ni ya mume?

Mtu anayeona kwamba maswali haya ni madogo mno kwa kiongozi mkubwa, hayo ndiyo maradhi ninayoyazungumzia.

Teknolojia iliyokubali kufundishwa

Asije mtu akadhani kwamba naidharau teknolojia. Majirani zetu wa Kenya wametupa mfano wa namna inavyopaswa kuingia nyumbani kwa watu, na mfano huo sasa umo mfukoni mwa karibu kila mkulima wa pamba.

Mwaka 2005, Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Nia ya awali ilikuwa kuwawezesha wakopaji kupokea mikopo na kulipa marejesho kwa simu. Wateja wa majaribio walikuwa mamia machache tu. Walipopewa chombo kile, wakakitumia kwa mambo ambayo hayakuwa katika mpango: mtu aliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa alipofika, asiporwe njiani, mwingine alimtumia ndugu yake, wafanyabiashara wakalipana.

Hapo palikuwa na njia mbili. Kiongozi anayetanguliza mtambo angewaambia wateja kwamba wanautumia vibaya. Waliosimamia mradi ule waliyatazama matumizi hayo na kuyafuata. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando, na ahadi kwa mteja ilikuwa moja na fupi: tuma pesa nyumbani. Haikumtaka mteja awe na simu ya gharama. Ilitumia menyu fupi ndani ya laini ya kawaida. Na duka la mtaani, kwa mtu anayemfahamu, likawa dirisha la benki. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania.

Mitambo ya kutuma ujumbe mfupi ilikuwako tayari, na makampuni mengi duniani yalikuwa nayo. Jambo jipya lilikuwa unyenyekevu wa kumwacha mteja aieleze huduma ni ya nini. Huo ni unyenyekevu uleule wa Bomani aliyeikuta kero na hakuibadilisha ili ifanane na mpango wake.

Wajibu wa anayeongoza

Kuna hoja ya kinyume ambayo wanafunzi wangu wa uchumi huileta, nayo ina uzito. Husema: bila viwanda vyake vya kuchambua pamba, Shirikisho lingebaki kuwa kundi la walalamikaji, teknolojia ndiyo iliyoleta nguvu. Ni kweli kwamba mpima mizani peke yake asingemtoa mkulima katika umaskini. Lakini hoja yangu haihusu kuchagua kati ya mizani na kiwanda, inahusu utangulizi. Kiwanda cha mwaka 1956 kilijibu swali lililokwisha kuulizwa na wakulima: baada ya kupimiwa haki, faida ya kuchambua inakwenda kwa nani? Trekta la mwaka 1964 lilijibu swali ambalo viongozi walijiuliza wenyewe. Vyote viwili ni vyuma. Kilichovitofautisha ni nani aliyeuliza.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, wakiwamo wale wanaoandaa mifumo mipya ya kielektroniki kila mwaka wa fedha, nina mapendekezo machache. Kabla ya kununua mfumo, kaa katika foleni ya wanaohudumiwa siku nzima, bila gari la serikali mlangoni. Hesabu siku kati ya mkulima kupimiwa na mkulima kulipwa, na hesabu hiyo iwe ya kwanza katika tathmini ya kiongozi wa chama, juu ya tani na majengo. Stakabadhi iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka: kilo, daraja, makato yote kwa majina yake, na tarehe ya malipo. Haki ya kusema "pima tena" iandikwe ukutani, na karani asiyeitii aondolewe na wanachama wenyewe. Baada ya hayo, nunueni mashine yoyote mnayoweza kuimudu.

Kwa wanaharakati, nakumbusha kwamba vuguvugu lililoitikisa serikali ya kikoloni katika Kanda ya Ziwa lilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya ratili chache kwa kila gunia. Msidharau kero ndogo. Mtu asiyepunjwa mchana kweupe mara kwa mara huenda akavumilia mengi. Lakini anayepunjwa mbele ya macho yake anajua tayari kila anachohitaji kujua kuhusu anayemtawala.

Na kwa mwanafunzi wangu: endelea kumsoma Jobs, kwani alisema kweli. Lakini likizo ijayo ukirudi nyumbani, wakati wa msimu wa kununua pamba, nenda kituoni ukakae asubuhi nzima. Chukua kalamu na daftari. Simama mahali unapoweza kuuona uzito, usome kwa sauti, na uandike. Utakuwa umefanya utafiti wako wa kwanza wa uongozi, na pengine mzee mmoja aliye nyuma kwenye foleni atakutambua kazi unayoifanya, hata kama wewe mwenyewe hujui ina umri gani.